Fumbo Lililokosa Pazia: Msimu wa "Soksi" katika Muziki wa Dansi Tanzania

Misimu ni maneno yanayozuka katika kundi fulani la wazungumzaji na kupewa maana mpya ambayo watu wa nje hawaitambui kwa urahisi. Inapoingia katika wimbo, hukaribiana na fumbo: maana ya juu husikika na wote, ilhali maana ya ndani huachiwa wanaoijua. Makala haya yanafafanua kuwa nguvu ya fumbo haitokani na kufichika kwa maana pekee, bali pia na uwezo wa msikilizaji kujifanya hakuielewa.

Mkoani Morogoro, iliko Masanze wilayani Kilosa, Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz aliutumia msingi huo kupitia methali, kama inavyodhihirika katika jina la wimbo wake "Jogoo la Shamba". Jogoo huyo ni mtu. Hata hivyo, anayetaka kumwacha abaki jogoo hazuiwi. Nafasi hiyo iliwafaa watunzi, kwa kuwa mashairi yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam.

Wimbo "Mambo kwa Soksi" wa Remmy Ongala na Super Matimila unaonesha kikomo cha mbinu hii. Soksi ni vazi la mguuni. Katika wimbo huo ni kondomu, na ujumbe wake ni kujikinga dhidi ya UKIMWI, ugonjwa uliotambuliwa nchini mwaka 1983 mkoani Kagera. Uteuzi wa neno hilo una mantiki ya kisitiari, kwani vyote viwili huvaliwa na hufunika mwili. Lakini muktadha uliibana maana ya juu kiasi kwamba hapakuwa na msikilizaji aliyeweza kudai kuwa wimbo ulihusu miguu. Redio hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa pekee Tanzania Bara, ilikataa kuurusha.

Katazo hilo halikulenga neno, kwa maana soksi si tusi. Lililenga maana ambayo wakaguzi wenyewe walikwisha kuielewa. Hivyo, tasfida iliyokusudiwa kulinda adabu haikutosha kuulinda wimbo, na ujumbe wa kuokoa maisha ukakosa njia pana zaidi ya kuwafikia wananchi, hasa wa vijijini, ambao hawakuweza kuusikia katika kumbi za dansi za mjini.