Kifafa si kuanguka tu

Hapa Gitaza, ukitaja kifafa, au intandara kwa Kirundi, watu wanafikiria mtu aliyeanguka chini, anatetemeka na kutoa povu. Hiyo ni aina moja, ile inayoshika ubongo wote.

Ipo nyingine inayowapata zaidi watoto: mtoto anakodoa macho sekunde chache, hasikii akiitwa, kisha anaendelea kama kawaida. Darasani ataitwa mvivu, pengine achapwe bure. Nyingine huanzia upande mmoja wa ubongo: mkono mmoja unarukaruka, au mtu anatafunatafuna na kushikashika nguo bila kujua. Mweleze muuguzi yote uliyoyaona, maana dawa huchaguliwa kufuatana na aina.

Kifafa hakiambukizi, hata kwa povu. Hofu hiyo ndiyo inayofanya mtu aungue motoni huku wenzake wanatazama. Chanzo kimojawapo ni mayai ya tegu wa nguruwe, yanayoingia kwa mikono au chakula chenye kinyesi. Utafiti wa Kiremba, kaskazini mwa Burundi, ulionyesha uhusiano huo. Choo na sabuni navyo ni kinga.

Mtu akianguka, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Ikipita dakika 5 hajatulia, mpelekeni hospitali haraka. Dawa asiiache ghafla, hata akijiona amepona.

Na kwetu wa ziwani: mwenye kifafa asivue peke yake, wala asioge Tanganyika bila mtu wa kumwangalia. Akishikwa majini, hata kwa muda mfupi, anaweza kuzama.