Klabu ya Kusikiliza Redio za Mbali

Je, kikundi chenu kina redio ya masafa mafupi? Mawimbi yake hupanda angani, hugonga tabaka la juu na kurudi chini mbali sana. Usiku jaribuni mita 49, mchana mita 19.

Wanaklabu hufundishana kuandikia stesheni ripoti: tarehe, saa, masafa, mambo yaliyosikika, na usikivu kwa alama 1 hadi 5. Saa iwe ya kimataifa. Saa 3 usiku kwetu ni 21.00, toeni 3, mpate 18.00. Mkikosea hapo, ripoti haitaaminika na pesa za stempu zimepotea bure! Ikiwa sawa, stesheni nyingi hujibu kwa kadi.

Kabla ya kujiunga, ulizeni: ada ni pesa ngapi, na inalipia nini?