Kijiwe Chetu, Kiwanja cha Nani? (2)

Juma lililopita tuliona jinsi programu huria zinavyoandikwa na watu waliotawanyika duniani, wengi wao bila mshahara. Sasa tuwaangalie wanaozitumia. Mtu akikwama usiku wa manane, akabishe hodi wapi?

Kwa takriban miaka ishirini jamii nyingi ziliwaelekeza wageni Freenode, mtandao wa gumzo ulioendeshwa na watu wa kujitolea. Ubuntu, Gentoo na Wikimedia zilikuwa na vyumba vyao humo. Hapakuwa na kiingilio. Mgeni aliuliza, akajibiwa na mtu ambaye hata sura yake haijui.

Kilikuwa kijiwe hasa, na wanakijiwe hawana desturi ya kuulizia hati ya kiwanja. Mwaka 2017 kampuni yenye jina la Freenode ilikabidhiwa mfanyabiashara mmoja. Mvutano ukakua hadi tarehe 19 Mei 2021, wahudumu walipojiuzulu kwa pamoja na siku hiyohiyo wakafungua Libera Chat, shirika lisilo la faida lenye makao Sweden. Jamii zikaanza kufunga virago. Hazikuachwa ziondoke kwa amani: kabla ya mwezi kwisha, mamia ya vyumba vilivyotaja makao mapya kwenye tangazo la mlangoni vilikuwa vimetwaliwa. Mwezi Juni, rejesta ya majina na vyumba ikafutwa.

Waliohama walipoteza anwani na mazoea, si maarifa yote. Gumzo ni maji ya mto. Jibu la jana limeshapita, na mgeni wa leo analiuliza upya. Cha kudumu huandikwa kwenye wiki (hii si ya siku saba, bali tovuti inayohaririwa na wasomaji wenyewe).

Nayo ina hatari zake. Mwaka 2008 wiki isiyo rasmi ya watumiaji wa Gentoo ilipotea pamoja na hifadhidata yake, nakala ya akiba ikakosekana, watu wakabaki kuokoteza kurasa kwenye kumbukumbu za Google. Baadaye mradi wenyewe ulianzisha wiki rasmi.

Wenzao wa Arch Linux wana wiki inayosomwa hata na wasiotumia Arch, na leseni yake inaruhusu yeyote kuinakili. Kurasa zake zimefungashwa kama programu nyingine yoyote: ukishaipakua kwenye kompyuta, unasoma hata bando likiisha.

Itaendelea.