WAWINDAJI WA WAPITI: KWA NINI WENGINE HUPATA KILA MWAKA

Katika kila nchi yenye wawindaji yuko mtu mmoja ambaye wenzake humsema kwa siri. Wengine wakirudi mikono mitupu, yeye hurudi na nyama, na watu husema, "Huyu ana dawa," au, "Huyu amezaliwa na bahati." Maneno haya hayasemwi kwetu tu. Katika milima ya Rocky Mountains, upande wa magharibi wa Marekani, kila mwaka watu maelfu kwa maelfu hupanda kumwinda mnyama mkubwa aitwaye wapiti. Jimbo la Colorado lina wapiti wengi kuliko jimbo lingine lolote la nchi ile, lakini hata huko katika wawindaji 10 mara nyingi ni 2 tu, au pungufu, wapatao mnyama katika msimu mmoja. Walakini wako wachache ambao hupata karibu kila mwaka. Twataka kuwaeleza wasomaji wetu sababu zake, maana tumeona kuwa hapana dawa ndani yake.

Kwanza yafaa tumjue mnyama mwenyewe. Jina wapiti ni la lugha ya Washawnee, watu wa asili wa Marekani, na maana yake ni mwenye matako meupe. Wazungu walipofika walimwita elk, jina ambalo huko Ulaya ni la mnyama mwingine kabisa. Ndiyo sababu sisi tumechagua jina la wenyeji. Dume aliyekomaa huwa na uzito wa ratili 700 hivi, na kimo chake begani ni futi 5. Pembe zake zina matawi, wala si kama pembe za pofu au kulungu wetu zikaazo maisha yote. Pembe za wapiti huanguka kila mwaka, karibu na mwezi wa Machi au Aprili, kisha huota nyingine mpya, na wakati wa kukua huweza kurefuka karibu inchi moja kwa siku. Pembe mbili za dume kubwa huweza kufika ratili 40. Wakati wa joto wanyama hawa hukaa juu milimani. Theluji ikianza kuwa nyingi hushuka mabondeni kutafuta malisho.

Sifa ya kwanza ya mwindaji hodari ni kuijua nchi kabla ya siku ya kuwinda. Wapiti hula katika mbuga za majani asubuhi mapema na jioni. Mchana hulala katika msitu mzito, hasa ubavu wa mlima uelekeao kaskazini, ambako jua ni hafifu na kivuli ni kingi. Basi mtu mwenye akili hupanda wakati wa joto, miezi kadha kabla ya msimu, bila bunduki. Huketi juu ya jiwe na darubini yake, akaangalia. Hutazama nyayo, mavi, miti iliyochunwa magome kwa pembe, na mashimo ya matope wanamogaagaa madume. Yote huyaandika katika daftari. Mwaka wa pili hurudi pale pale, na mwaka wa tatu vile vile. Yule abadilishaye mahali kila mwaka huwa mgeni siku zote. Huyu wa daftari huwa kama mwenyeji.

Sifa ya pili ni kuuheshimu upepo. Wapiti akiona kitu cha kumtia shaka, huenda akasimama akitazama. Akisikia kishindo, huenda akangoja asikie tena. Lakini akinusa harufu ya mtu, hangoji, huondoka na kundi zima nyuma yake. Nayo milima ina desturi yake. Usiku na alfajiri hewa ya baridi huteremka kwenda bondeni. Jua likipanda na kuipasha ardhi moto, hewa hugeuka na kupanda juu. Kwa hiyo alfajiri mwindaji hukaa chini ya wanyama, na jua likiisha pata nguvu huzunguka akaja kwa juu yao au kwa ubavuni. Asiyejua jambo hili hulaumu bahati yake, kumbe ni harufu yake mwenyewe iliyomtangulia. Wengi huchukua kichupa cha unga mwepesi, wakaupuliza kidogo ili waone hewa inakwenda wapi. Ndiyo kazi ile ile ifanywayo kwa majivu na wawindaji wengi wa Afrika.

Sifa ya tatu ni miguu na pumzi. Nchi ile ina mahali pengi palipo juu kati ya futi 8,000 na 12,000, na hewa yake ni nyembamba. Mtu wa mjini akipanda huko bila kujizoeza huchoka siku ya kwanza, na siku ya pili hukaa karibu na motakaa yake. Na wapiti wamekwisha kujifunza jambo hili. Msimu ukifunguliwa na bunduki zikianza kulia, huziacha njia wakaingia mahali penye miteremko mikali na miti iliyoanguka, ambako watu hawapendi kufika. Mwindaji ajuaye tabia za wapiti pamoja na tabia za wanadamu hutangulia huko akawangoja.

Sifa ya nne ni kujua wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Mwezi wa Septemba madume hutafuta majike, na hulia kwa sauti ya ajabu, kama filimbi ianzayo chini ikapanda juu sana, kisha ikaishia kwa mikoromo. Wawindaji huigiza sauti hiyo, na ya majike pia, kwa filimbi ndogo. Wanafunzi hupenda kupiga filimbi siku nzima, wakidhani kelele ndiyo ustadi. Lakini dume lenye majike, likisikia mshindani kwa mbali, mara nyingi huwakusanya majike yake likaenda zake. Stadi husogea karibu kwanza kwa ukimya, ndipo alie mara moja. Na akijibiwa, husikiliza zaidi kuliko alivyolia. Wahenga wetu walisema kuwa simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Sifa ya tano, nasi twaiona kuwa kubwa kuliko zote, ni kujua kuuzuia mkono. Mtu amepanda siku tano, amelala katika baridi, fedha zake zimekwisha. Mara dume lasimama mbele yake, lakini ni mbali, au limefichwa nusu na miti, au giza laingia. Moyo wamwambia, "Piga!" Mwindaji mbaya hupiga. Risasi yavunja mguu au yaingia tumboni, na mnyama yule mwenye nguvu huenda maili nyingi akafa kwa maumivu mahali pasipojulikana, asimfae mtu yeyote. Mwindaji mwema amejipima nyumbani kwa shabaha, ajua umbali wake, wala haupiti. Hungoja mnyama ageuke ubavu, akalenga moyo na mapafu. Kama hakugeuka, humwacha aende. Na akiisha piga, hakimbilii mbio. Hungoja kwa utulivu kitambo, kisha hufuata damu tone kwa tone, hata kama ni mpaka usiku.

Sifa ya sita huanza baada ya mnyama kuanguka. Ngozi ya wapiti ni nene na mwili wake hushika joto, hivyo nyama huanza kuharibika upesi hata kama hewa ni baridi. Hapana budi apasuliwe, achunwe na kukatwa vipande mara moja, vikatundikwe kivulini vipate upepo. Kisha vipande hubebwa mgongoni au kwa farasi, safari baada ya safari. Kwa hiyo mwindaji mwenye busara, kabla ya kwenda mbali, hujiuliza, "Nikimwua hapa, nitamtoaje?" Sheria za majimbo mengi humwadhibu aachaye nyama ifaayo kuliwa ioze porini.

Hapa ndipo tufikapo kwenye jambo la sheria. Hapo kale wapiti walikuwa mamilioni. Watu wakawaua pasipo kiasi, wengine kwa ngozi, wengine kwa meno mawili tu yafananayo na pembe ya ndovu. Hata mwanzoni mwa miaka ya 1900 katika Amerika ya Kaskazini yote hawakufika 100,000. Ndipo Serikali na wawindaji wenyewe walipoanza kuwalinda. Mwaka 1912 palitengwa mahali pa kuwahifadhi karibu na Jackson, Wyoming, na mwaka 1937 ikatungwa sheria ya kutumia kodi ya bunduki na risasi kwa kuwatunza wanyama wa porini. Leo wapiti ni karibu milioni moja. Kila mwindaji hukata leseni yenye kueleza ni mnyama gani, mahali gani na siku gani. Colorado, mtu aliyezaliwa tangu 1 Januari 1949 kwa kawaida hapewi leseni asipohitimu mafunzo ya uwindaji. Na wenye bunduki huvaa nguo za rangi ya chungwa iliyo kali, ili wasipigane risasi, maana wapiti haipambanui vema rangi hiyo, bali mtu huiona kutoka mbali.

Basi wasomaji waone wenyewe. Bahati ipo, nasi hatuikatai. Hata stadi iko miaka ambayo hurudi bure. Lakini katika mambo tuliyoyataja hakuna hata moja linunuliwalo kwa mganga: daftari, upepo, miguu, masikio, mkono uzuiliwao, mzigo ubebwao mpaka kipande cha mwisho. Mwaka utakapokuja, watu watamwona tena yule mmoja akishuka mlimani na mzigo wake, nao watasema ana bahati. Hawakumwona mwezi wa Julai, ameketi peke yake juu ya jiwe na darubini, akiandika.