Unyevu ndio adui mkuu wa poda ya vitamini katika vinu vya Kisii na Nyamira

MWENYE kinu cha posho kule Keroka, Ikonge au Suneka anapoamua kuuza unga ulioongezewa vitamini, mtihani wake mkubwa si mashine wala mahindi. Ni katoni ya poda yenye umanjano hafifu, ambayo kilo kwa kilo ni ghali kuliko gunia lolote lililomo ghalani mwake, na ambayo akiitunza vibaya itakufa bila kubadilika sura.

Hapo ndipo penye hatari. Mahindi yakioza hunuka, na unga ukiingia wadudu huonekana. Poda hii ikipoteza nguvu inaweza kubaki na rangi yake ileile, ikapimwa kwa uangalifu, ikachanganywa na unga, na mama mjamzito akanunua pakiti akiamini kwamba amewapelekea watu wake chakula kilichoongezewa nguvu. Kumbe amelipia unga mtupu.

Poda yenyewe ni mchanganyiko wa vitamini A, vitamini kadhaa za kundi B ikiwemo foleti, na madini ya chuma na zinki. Kenya ililazimisha unga wa mahindi na wa ngano uliofungashwa uongezewe virutubishi mwaka wa 2012, pamoja na mafuta ya kupikia kutiwa vitamini A. Sababu hazikuwa ndogo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba asilimia 41.6 ya wanawake wajawazito nchini walikuwa na upungufu wa damu. Foleti nayo, mama akiwa nayo ya kutosha mwilini kabla ya kushika mimba na katika majuma ya mwanzo, hupunguza uwezekano wa mtoto kuzaliwa akiwa na mgongo wazi.

Lakini sheria hiyo inahusu unga wa pakiti. Haimfikii mtoto anayetumwa kinuni na gorogoro la mahindi ya shambani kwao, na katika vilima vya Gusii watoto wa namna hiyo ni wengi. Hivyo kinu kidogo kinachojitolea kuongeza virutubishi, au kikundi cha akina mama kinachosaga wimbi na soya kwa ajili ya uji wa kuuza, kinafanya kazi ya maana. Tatizo ni kwamba maagizo yaliyochapishwa juu ya katoni yaliandikwa kwa kufikiria bohari ya kiwanda kikubwa, yenye sakafu kavu na mlango unaofungwa, si chumba cha mabati kando ya barabara ya matope.

Maagizo hayo husisitiza mambo matatu: mahali pakavu, pa baridi, pasipo mwanga. Kuhusu baridi, wakazi wa Kisii na Nyamira wamebahatika. Mji wa Kisii uko kwenye kimo cha takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na chumba chenye kivuli na dari hapa hakipati joto la Mombasa au Garissa. Ukavu ndio haupatikani. Eneo hili hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na ni nadra mwezi mzima kupita bila mvua. Majani chai na ndizi hustawi kwa sababu hiyo hiyo inayoharibu poda.

Unyevu hufanya nini? Ndani ya poda, vitamini na madini hukaa pamoja kama majirani wasiopatana. Zikiwa kavu, kila chembe hukaa peke yake. Maji yakiingia, hata yale ya hewani tu, chembe hushikana, na madini, hasa ya chuma, huchochea hewa kuiunguza vitamini A polepole. Dalili ya kwanza ambayo mwenye kinu anaweza kuiona ni mabonge. Poda iliyoganda mabonge isipondwepondwe ikarudishwa kazini. Hata kama vitamini zimo bado, mabonge hayatapita sawasawa katika kipimio, na pakiti moja itapata nyingi huku nyingine ikikosa kabisa.

Basi katoni isiwekwe sakafuni. Iwekwe juu ya mbao zilizoinuliwa, mbali na ukuta, kwa maana ukuta wa matofali hunyonya maji ya mvua na kuyatoa kwa ndani. Isiwekwe pia chini kabisa ya mabati yasiyo na dari. Wakazi wa Nyansiongo na Kebirigo wanajua jinsi bati linavyodondosha maji asubuhi baada ya usiku wa baridi, ingawa mvua haikunyesha. Na injini ya dizeli iwe mbali: joto lake, moshi wake na mafuta yake havifai karibu na kitu kitakachoingia chakulani.

Mwanga nao huharibu kwa njia yake. Vitamini B2 haivumilii jua, na vitamini A na foleti hazipendi mwanga mkali. Ndiyo maana poda hufungwa ndani ya mfuko mzito usiopenya nuru, kisha ndani ya katoni. Kuna wafanyabiashara ambao wangependa kununua katoni moja na kuigawa katika mifuko midogo ili waiuze rejareja. Wasifanye hivyo. Pakiti ndogo iliyofungwa kwa mkono dukani haina kinga dhidi ya mwanga wala hewa, haina tarehe ya mwisho, haina nambari ya shehena, na mnunuzi hana njia ya kujua imekaa muda gani karibu na mbolea ya chai au dawa ya kuulia wadudu. Mbolea na dawa hizo zisihifadhiwe chumba kimoja na poda hata siku moja.

Tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye katoni ni ya mfuko ambao haujafunguliwa. Mfuko ukishafunguliwa hesabu hiyo haiaminiki tena. Jambo la busara ni kununua kiasi kitakachoisha kwa wiki chache, kuandika tarehe ya kufungua juu ya katoni kwa kalamu nzito, kutoa hewa na kufunga mdomo wa mfuko kila mara baada ya kuchota, na kutumia kwanza ile inayokaribia kuisha muda wake. Kijiko au kikombe cha kuchotea kiwe kikavu kabisa. Nimeona watu makini wakiosha kikombe kwa maji safi na kukitumbukiza mfukoni papo hapo, wakidhani usafi umetosha.

Kisha kuna kupima, na hapa nawaomba wasomaji wasiharakishe. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo mno, gramu mia chache kwa tani nzima ya unga, na hutegemea aina ya poda. Lebo ya msambazaji ndiyo ya kufuatwa. Tuchukue mfano tu: kama lebo inasema gramu 500 kwa tani, gunia la kilo 90 linahitaji gramu 45. Gorogoro la kilo 2 linahitaji gramu 1. Kijiko cha chai hubeba gramu kadhaa, kwa hiyo mama anayenyunyizia kijiko kimoja katika gorogoro atakuwa amezidisha kipimo mara nyingi, na hatakuwa hata amekichanganya, kwa kuwa gramu chache haziwezi kuenea katika kilo mbili kwa kukorogwa na mkono.

Wenye vinu vikubwa hutumia kipimio kinachodondosha poda polepole unga unapotiririka. Kwa kinu kidogo, njia inayokubalika ni kuizimua kwanza: poda iliyopimwa kwa mizani huchanganywa vizuri na unga kidogo, kisha mchanganyiko huo ndio unaoongezwa kwenye unga mwingi. Mizani inayotumika iwe ile inayosoma gramu. Ile ya kupimia viazi sokoni haina kazi hapa.

Kuzidisha si ukarimu. Vitamini A nyingi kupita kiasi, hasa kwa mama mjamzito, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Madini ya chuma yakizidi ni sumu kwa mtoto mdogo, na kwa poda kali kama hii vijiko vichache vinaweza kumtia mtoto wa mwaka mmoja hatarini. Mtoto aliyeilamba apelekwe hospitali mara moja pamoja na lebo ya katoni, bila kulazimishwa kutapika, hata kama anaonekana mzima. Sumu ya chuma ina tabia ya kutulia kwa saa kadhaa kabla ya kurudi kwa nguvu. Kwa sababu hiyo chumba cha poda kiwe na kufuli, na ufunguo uwe kwa mtu mmoja anayeandika daftarini kila gramu inayotoka. Katoni tupu zisigeuzwe za kubebea mboga, wala mifuko isipewe watoto wachezee.

Anayeichota pia ajikinge. Vumbi lake ni laini na huingia puani na machoni kwa urahisi, na hiyo vitamini B3 inaweza kuifanya ngozi iwe nyekundu na yenye kuwasha. Barakoa, glavu na miwani ya kinga si mambo ya kiwandani tu. Poda ikimwagika, isipulizwe wala isifagiliwe ikiwa kavu: izolewe taratibu, kisha mahali hapo pafutwe kwa kitambaa chenye unyevu na pakauke kabla ya kazi kuendelea. Iliyozolewa hairudi mfukoni.

Mwenye kinu atajuaje basi kwamba unga wake unafaa? Kuna jaribio dogo linaloweza kufanywa papo hapo: sampuli ya unga hudondoshewa kemikali maalum, na madoa mekundu hutokea palipo na chembe za chuma. Madoa yakienea sawasawa, uchanganyaji umekuwa mzuri. Jaribio hilo ni la bei nafuu na linafaa sana, lakini linaonyesha chuma peke yake. Chuma hakiozi. Poda iliyokaa miezi katika chumba chenye unyevu itatoa madoa yale yale mekundu huku vitamini A ikiwa imepungua sana. Kwa vitamini hakuna njia isipokuwa maabara, na mwenye kinu wa Kisii au Nyamira anayetaka uhakika anaweza kuanzia kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti au ofisi ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, iliyoko Kisumu. Aulizie kwanza jinsi ya kuchukua sampuli, na aipeleke katika chombo kikavu kisichopitisha mwanga.