Kwa Nini Daktari wa Mifugo Huandika Jina Lako

Tuseme punda wako wa kuchotea maji ameumia vibaya, na jeraha lake lahitaji kushonwa. Daktari wa mifugo afika Kithyoko, ampiga punda sindano ya usingizi na kumshona. Kazi ikiisha, afungua daftari na kuuliza: "Mzee, jina lako kamili ni nani? Unakaa wapi?" Hapo wakulima wengine huingiwa na shaka, wakataja jina la uongo.

Shaka hiyo ina asili yake. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni ilitwaa ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu ili kupunguza idadi yao. Maelfu ya watu walikwenda Nairobi kulalamika, na kiongozi wao, Muindi Mbingu, akahamishiwa Lamu. Aliyesimuliwa hayo na babu yake halaumiwi akimwogopa mtu mwenye daftari kando ya boma. Lakini daftari hili halihesabu ng'ombe. Linahesabu dawa.

DAWA ZENYEWE

Dawa za minyoo, za kupe na za ndigana si katika hizi. Tunazungumza juu ya dawa chache kali: za kuondoa maumivu makubwa, kama mofini na pethidini; za kutuliza na kulaza, kama diazepamu; na pentobarbitali, ambayo hutumiwa kumwua bila mateso mnyama asiyeweza kupona. Dawa hizi humsaidia mnyama, lakini mwanadamu akizizoea humtawala. Tena wako wezi ambao hutia dawa za usingizi katika kinywaji cha mtu ili wamwibie. Ndiyo sababu zinalindwa na Sheria ya Dawa za Kulevya ya mwaka 1994.

HESABU YAENDA WAPI

Daktari huandika tarehe, jina la dawa, kipimo alichotoa, mnyama aliyetibiwa na mwenye mnyama. Dawa iliyonunuliwa ikitolewa iliyotumika, iliyobaki lazima ilingane na iliyomo kabatini. Isipolingana, mkaguzi atauliza imekwenda wapi.

Mambo haya si ya Kenya peke yake. Kwa mapatano ya mataifa ya mwaka 1961 na ya mwaka 1971, kumbukumbu za dawa hizi hutakiwa kuhifadhiwa kwa muda usiopungua miaka 2, na kila nchi hupeleka hesabu yake kila mwaka kwa Bodi ya Kimataifa ya Kudhibiti Dawa za Kulevya, huko Vienna. Jina lako halipelekwi huko. Kinachopelekwa ni jumla ya dawa tu. Lakini jumla hiyo yaanzia bomani kwako.

FAIDA YAKO

Sheria yamruhusu mtu kuwa na dawa ya namna hii ikiwa amepewa na daktari kwa ajili ya matibabu. Polisi wakiikuta nyumbani kwako, maandishi ya daktari ndiyo shahidi wako. Ukiwa umetaja jina la uongo, umemfukuza shahidi huyo mwenyewe.

MKULIMA AFANYE NINI

1. Taja jina lako la kweli na mahali unapokaa.

2. Mwulize daktari kama amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Daktari wa kweli hachukii kuulizwa.

3. Usimwombe akuachie chupa iliyobaki "kwa ajili ya usiku". Twajua daktari yu mbali na usiku ni mrefu, lakini kipimo cha kumlaza punda chaweza kumwua mtoto.

4. Akikuachia dawa kwa ajili ya matibabu, omba maandishi yenye jina la dawa, kipimo na jina lake. Ifungie mbali na watoto.

5. Mnyama aliyeuawa kwa pentobarbitali asiliwe kabisa, wala mbwa wasipewe. Moto wa kupikia hauiondoi sumu hiyo. Mzike katika shimo refu, mbwa na tai wasimfikie.

6. Ukiuziwa sokoni sindano ya usingizi isiyo na maandishi, usinunue. Toa habari kwa ofisi ya mifugo iliyo karibu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Dawa kali ikipotea bila habari huenda ikaonekana tena katika kikombe cha mwanao. Basi daktari akifungua daftari lake, mpe jina lako.