Vigae Vyenye Tundu vya Kilwa Vyaweza Kueleza Nguo Zilizopotea

Miongoni mwa mabaki yaliyofukuliwa Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, chini ya mwanaakiolojia Neville Chittick, vimo vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa tundu katikati. Kigae cha namna hiyo kilipachikwa kwenye kijiti ili kukipa uzito wa kuzunguka wakati pamba ikisokotwa kuwa uzi. Nguo zenyewe hazikudumu, kwa kuwa pamba huoza haraka katika udongo wenye unyevu. Kilichosalia ni kifaa.

Ili kifaa kieleze nguo, wataalamu hutumia akiolojia ya majaribio: hutengeneza nakala yake, kisha huifanyia kazi. Kituo cha utafiti wa nguo cha Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, kilichoanzishwa mwaka 2005, kiliwapa wasokotaji nakala zenye uzito wa gramu 4, 8 na 18. Kwa sufu ileile, kifaa chepesi kilitoa uzi mwembamba zaidi na mrefu zaidi. Kwa upande wa vizito vya udongo vilivyovuta nyuzi za mtande katika vitanda vya kufumia vya kale, ilibainika kuwa unene wa kizito, si uzito wake pekee, huamua nyuzi zikaribiane kiasi gani.

Mjaribu hana budi kuwa fundi. Mkono usiozoea hukata uzi hata kwa kifaa bora, na hapo kinachopimwa ni uzembe wa mkono, si kifaa.

Hata hivyo, matokeo ya sufu hayawezi kuhamishiwa Kilwa moja kwa moja. Nyuzinyuzi za pamba ni fupi, na kijiti kizito huzikata kabla hazijashikana. Vigae vya pwani vinahitaji majaribio yake, kwa pamba.

Majaribio hayo hutegemea uzito na kipenyo cha kila kigae, pamoja na mahali na tabaka la udongo kilimopatikana. Mgeni anayekiokota ufukweni na kukitia mfukoni huondoka na taarifa hizo zote; hata akikirudisha baadaye, taarifa ya mahali na tabaka huwa imepotea. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inamtaka anayegundua mabaki ya kale kutoa taarifa kwa mamlaka husika. Mwananchi anayekiona kigae chenye tundu akiache kilipo, kisha aripoti mahali hapo.